Nimeshajibu! Safari ya 'ndiyo' inayopotelea njiani

*Wajumbe 11 waliitwa kikaoni, watatu tu wakaonekana wamekubali. Waliobaki karibu wote walikuwa na hakika kwamba wamejibu. Makala hii inayafuata majibu hayo hadi pale yalipokwama.*

Jumatano, saa nne asubuhi, katibu muhtasi wa taasisi moja katikati ya Dar es Salaam alikuwa na daftari mkononi na kompyuta mbele yake, na viwili hivyo havikupatana. Daftari lilikuwa na majina 11 ya wajumbe wa bodi. Kompyuta ilidai kuwa watatu wamekubali kuja Ijumaa, mmoja amekataa, na saba hawajasema lolote.

Akidi ni wajumbe sita. Kwa hesabu ya kompyuta, kikao hakipo.

Ukumbi ulikuwa umelipiwa nusu. Mama wa chakula alishapiga simu mara mbili akitaka idadi ya sahani. Mkurugenzi, mlango wake ukiwa wazi, aliuliza kama aahirishe. Katibu muhtasi akafanya wanachofanya makatibu muhtasi wote mashine inapowaangusha: akanyanyua simu, akaanza kupiga.

Mjumbe wa kwanza alishangaa. "Dada, si nimeshajibu tangu juzi?" Wa pili alisema vivyo hivyo, ila yeye alinuna kidogo. Wa tatu alipoapa kwamba alibonyeza kitufe cha kukubali kwa kidole chake mwenyewe, ikabidi aitwe kijana wa TEHAMA kutoka ghorofa ya chini.

Kijana alikaa pale saa moja na nusu. Alipoinuka alikuwa amejua kilichowapata wote saba, na hakuna hata mjumbe mmoja aliyekuwa amesema uongo. Kompyuta nayo haikuwa imesema uongo.

Saini ya tarishi

Waliofanya kazi maofisini kabla ya barua pepe wanamkumbuka tarishi. Hakuwa mtu wa kukutupia bahasha mezani akaenda zake. Alikuja na daftari, ukatafuta mstari wako, ukasaini, naye akarudi na saini hiyo kwa aliyemtuma. Barua ilikuwa kitu kimoja, saini ya kuipokea kitu kingine.

Mwaliko wa kikao unaotumwa kupitia Outlook, Google Calendar au kalenda ya iPhone umejengwa hivyohivyo. Msomaji anaona maneno ya kawaida: kikao cha bodi, Ijumaa, ukumbi fulani. Chini ya maneno hayo kuna sehemu ya pili, maandishi makavu ambayo macho yake hayaonyeshwi, yaliyoandikwa ili mashine isomeane na mashine. Kijana wa TEHAMA aliifungua sehemu hiyo mbele ya katibu muhtasi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mama huyo kuiona ingawa ametuma mialiko kwa miaka.

Mstari mmoja ulisomeka METHOD:REQUEST. Hapo mashine inaambiwa kwamba huu ni wito, jibu linangojwa. Mwingine ulianza na UID, ukifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu: hilo ndilo jina halisi la kikao, ambalo halirudiwi na kikao kingine chochote. Ulikuwapo mstari wa ORGANIZER wenye anwani ya mwitishaji, kisha mistari 11 ya ATTENDEE, kila mjumbe na wake, na pembeni ya kila jina maneno PARTSTAT=NEEDS-ACTION. Yaani bado hajasaini.

Mjumbe anapobonyeza kitufe cha kukubali, programu yake haitumi barua ya shukrani. Inatuma karatasi nyingine ya namna ileile, yenye METHOD:REPLY, UID ileile, mstari wa mjumbe huyo peke yake, na PARTSTAT=ACCEPTED. Karatasi hiyo ikifika, programu ya mwitishaji inatafuta kikao chenye UID hiyo, inatafuta anwani hiyo kwenye orodha, inaweka alama. Basi.

Kwa hiyo aliyejibu kwa kuandika "Asante sana, nitakuwepo Mungu akipenda" ameandika barua nzuri yenye adabu. Mashine haitaisoma. Haitafuti neno "nitakuwepo" katika lugha yoyote. Inatafuta karatasi yake.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1996 muungano wa kampuni ulioitwa Versit, wenye Apple, AT&T, IBM na Siemens ndani yake, ulitoa muundo wa kwanza wa kubadilishana taarifa za kalenda, vCalendar. Novemba 1998 ukafuata iCalendar, ulioandikwa na Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft, watu wa kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja walewale wa maofisini. Mwaka 2009 muundo huo ulifanyiwa marekebisho makubwa, na ndio unaotumika mpaka leo kila unapopokea faili lenye herufi .ics mwishoni.

Kuwa na kanuni moja hakujaleta tabia moja. Tangu 2004 kuna jumuiya ya watengenezaji, CalConnect, ambayo huwakutanisha wahandisi wa kampuni mbalimbali ili wajaribu kalenda zao ana kwa ana na kuona zinapogongana. Zaidi ya miaka 20, na bado wana kazi ya kufanya.

Saa tatu ya nani?

Tatizo la pale ofisini lilianza Jumatatu, na chanzo chake kiko katika lugha yetu wenyewe.

Mkurugenzi aliamua kikao kiwe saa tatu asubuhi. Akiwa kwenye foleni ya magari ya Morocco, hapohapo jijini, akatoa simu aandike mwaliko yeye mwenyewe badala ya kumsubiri katibu wake. Simu yake imewekwa kwenye mfumo wa saa 24. Alichokuwa nacho kichwani ni saa tatu, na kidole kikaenda kwenye 3:00. Akatuma.

Kila anayehesabu saa kwa Kiswahili anajua kwamba kichwani mwake kuna saa mbili, na kwamba siku nyingi anavuka kutoka moja kwenda nyingine bila kufikiri. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ni saa moja. Kioo cha simu kinaandika saba. Mtu anasoma 9:00 na mdomo unatamka tatu. Tafsiri hiyo ni nyepesi kiasi kwamba haionekani, mpaka siku inaposhindikana. Kwa kalenda, 3:00 ni saa tisa usiku, wakati ambao hata muadhini bado amelala.

Kilichomchekesha kijana wa TEHAMA ni kwamba hadi adhuhuri ya Jumatatu wajumbe watano walikuwa wamekubali.

> Wajumbe watano wa bodi walikubali kukutana saa tisa usiku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Walisoma walichotarajia kukisoma. Waliona 3, wakasikia saa tatu, wakabonyeza. Katibu muhtasi ndiye aliyegundua alasiri, akarekebisha mwaliko uwe 9:00, akautuma upya. Katika kundi la WhatsApp la bodi akaandika kwamba saa imesahihishwa. Wajumbe wakajibu palepale: "Sawa." "Tupo." Mmoja aliweka kidole gumba.

Hapo ndipo majibu yalipopotea. Ndani ya mwaliko kuna mstari mwingine, SEQUENCE, unaohesabu matoleo. Mwaliko wa kwanza ni 0. Ukibadilishwa saa, unakuwa 1, na Outlook inafuta majibu yote yaliyokwisha kutolewa na kuuliza tena kila mtu tangu mwanzo. Kanuni za kalenda za seva zilizotolewa mwaka 2012 nazo zinaagiza hivyo: muda ukibadilika, alama ya kila mwalikwa inarudishwa kuwa hajajibu. Na jibu la toleo la zamani likichelewa njiani, likafika baada ya toleo jipya kutoka, linahesabiwa kuwa limepitwa na wakati.

Ukiitazama kwa haki, mashine ina hoja. Aliyekubali kuja saa tisa usiku hajakubali kuja saa tatu asubuhi. Huenda saa hiyo yuko hospitali na mtoto. Lakini mjumbe hajui kwamba "ndiyo" yake imefutwa. Anachoona ni barua ya pili yenye kichwa kilekile cha habari, na mtu mwenye barua 60 kwenye kikasha haifungui mara mbili barua aliyokwisha kuijibu. Kati ya wale watano, mmoja tu ndiye aliyebonyeza tena. Wanne walibaki na amani ya moyo, wakihesabiwa miongoni mwa wasiojibu.

Saa huwavuruga hata wasiohesabu kwa jua. Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa misimu. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao kilichopangwa London kila wiki saa nne asubuhi ya huko kinamfikia mtu wa Nairobi au Zanzibar saa sita mchana wakati wa kiangazi, kisha Oktoba ikiisha kinahamia saa saba mchana, na hakuna aliyegusa kitu. Marekani nayo hubadilisha kwa tarehe zake, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kamati ya harusi yenye ndugu Chicago, London, Muscat na Tanga hupitia wiki kadhaa kila mwaka ambazo tofauti za saa si zile walizozoea. Muscat na Tanga hazisogei. Wanaosogea ni wengine, na lawama huangukia kalenda.

Mjumbe mwenye anwani mbili

Jibu la tano lilikutwa mahali pengine kabisa. Mjumbe huyu, mhadhiri mstaafu, bado ana anwani ya chuo alikofundisha, lakini barua zake zote ameelekeza zimfuate kwenye Gmail yake. Mwaliko ulitumwa chuoni, ukahamia Gmail, akaujibu akiwa huko. Jibu likarudi na anwani ya Gmail.

Programu ya mwitishaji ilitafuta anwani hiyo kwenye orodha ya 11, haikuiona. Kwa macho yake, mtu asiyealikwa ameandika kwamba anakuja, na mhadhiri wa chuo bado yuko kimya.

Waandishi wa kanuni walishaifikiria hali hii, na kwa Kiingereza wanamwita mtu wa namna hiyo kwa neno ambalo kwetu ni mzamiaji. Ndiye yule wa kwenye kumbi za harusi, anayeingia na suti safi bila kadi, akakaa meza ya wajomba wa bibi harusi. Kanuni inamwachia mwitishaji uamuzi: amwongeze kwenye orodha au ampuuze. Programu zinatofautiana. Nyingine humwongeza chini ya orodha kama jina jipya, na idadi ya wageni inakuwa 12 badala ya 11. Nyingine hunyamaza tu.

Dawa yake si ya kitaalamu: mtu aitwe kwa anwani anayojibia. Lakini orodha za wajumbe hunakiliwa mwaka hadi mwaka, na anwani ya chuo alichostaafu mtu hukaa humo muda mrefu kuliko mstaafu alivyokaa chuoni.

Google Calendar ina mtego wa aina nyingine, na ni wa kuogopa zaidi. Barua ya mwaliko inayotumwa na Google huwa na viungo vya kujibu ambavyo vimefungwa kwa mwalikwa mwenyewe. Bosi akiipeleka barua hiyo kwa msaidizi wake "kwa taarifa", naye msaidizi akabonyeza Ndiyo, anayeandikwa kuwa atahudhuria ni bosi. Google yenyewe huweka onyo chini ya mwaliko, kwa herufi ndogo, kwamba kuusambaza kunaweza kumpa anayeupokea uwezo wa kumjibu mwitishaji na hata kubadilisha jibu lako. Herufi hizo hazisomwi na mtu. Ni kama kumpa mtu mwingine kadi ya harusi iliyoandikwa "double" yenye jina lako: mlangoni wanahesabu kadi, hawaangalii sura.

Ndiyo isiyotoka nyumbani

Jibu la sita halikusafiri kabisa. Mjumbe alibonyeza Kubali, na Outlook ikamuuliza swali ambalo wengi hulipita mbio: aandike kitu kabla ya jibu kutumwa, litumwe hivyohivyo, au lisitumwe. Alichagua la tatu. Alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba hakutaka kumjazia katibu barua.

Ni ustaarabu, na ustaarabu wa namna hii umeenea. Kikao kikaingia kwenye kalenda yake kikiwa kimekubaliwa, kwake kila kitu sawa, na kwa mwitishaji hakuna kilichofika. Kitufe hicho kina kazi yake, kwa mfano mwitishaji anapokuwa amekaa meza ya jirani. Lakini tungo yake inamfanya mtu adhani anachagua kati ya kuandika na kutoandika, kumbe anachagua kati ya kusaini na kutosaini.

Kwa mjumbe wa saba jibu halikuwepo kabisa; chake kilikuwa kisa cha zamani kilichofufuka. Mjumbe anayetumia huduma ndogo ya barua pepe alipokea barua yenye kiambatisho kimoja, winmail.dat, ambacho hakikufunguka. Huo ni mfuko ambao Outlook na seva za Exchange hufungia vitu vyao wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Ukitoka nje ya nyumba hiyo kwa makosa ya mpangilio, programu nyingine haiwezi kuufungua, na mwaliko mzima unabaki ndani yake, vitufe na yote. Mjumbe alidhani ni kirusi. Akaifuta. Alifanya jambo la busara kwa mtu aliyefundishwa asifungue asichokijua.

Kuna pia majibu yanayofika yakakaa tu. Outlook ya kwenye kompyuta ina mpangilio, katika sehemu ya barua chini ya ufuatiliaji, unaoiamuru ishughulikie mialiko na majibu yenyewe. Ukiwa umezimwa, kila jibu linasubiri mtu alifungue kwa mkono ndipo jedwali libadilike. Wenye akaunti za kawaida za POP au IMAP, bila seva ya kalenda nyuma yake, wana balaa jingine: kikao kimo kwenye kompyuta ile moja tu, na jibu likisomwa kwenye simu, jedwali la ofisini halina habari. Na pale bosi alipokabidhi kalenda yake kwa msaidizi, majibu yanaweza kuwa yanaenda kwa msaidizi peke yake. Msaidizi akiwa likizo, majibu nayo yako likizo.

Simu moja, mkutano wa wote

Anayedhani haya ni makosa ya watu wasiojua kompyuta akumbuke kilichotokea Septemba 2012, Apple ilipotoa iOS 6. Ofisi zinazotumia Exchange zilianza kuona jambo la ajabu: mwalikwa mmoja anakataa mkutano kwenye iPhone yake, na mkutano unafutwa kwa wote, kana kwamba yeye ndiye aliyeuitisha. Simu ilikuwa imechanganya nafasi ya mgeni na nafasi ya mwenye shughuli. Novemba 1 mwaka huohuo likatoka toleo 6.0.1, na katika maelezo yake Apple iliandika kwa maneno machache tu kwamba linarekebisha hitilafu inayogusa mikutano ya Exchange.

Karibu miezi mitatu baadaye likazuka jingine. Toleo 6.1 lilitoka Januari 2013, na safari hii tatizo lilikuwa jibu lisilokoma. Mtu akijibu mwaliko wa siku moja iliyobadilishwa katika mfululizo wa mikutano, tuseme ule wa kila Jumatatu ambao wiki hii umehamishiwa Jumanne, simu ilianza kuwasiliana na seva bila kupumua. Kumbukumbu za seva zikavimba, diski zikajaa, na wasimamizi wakabaki wakitafuta mshambuliaji ambaye kumbe ni afisa masoko aliyesema atakuja. Microsoft iliwashauri wasimamizi njia kadhaa, mojawapo ikiwa kuzifungia kabisa simu zenye toleo hilo. Apple kwa upande wake ilielekeza watumiaji wazime kalenda ya akaunti hiyo, wasubiri sekunde 10, waiwashe tena. Toleo 6.1.2 la kurekebisha lilitoka Februari 19.

Kampuni mbili zenye wahandisi wengi kuliko wakazi wa baadhi ya miji yetu, na kilichozishinda kwa wiki kadhaa ni mtu mmoja kusema ndiyo kuhusu Jumanne.

Hapana inayomfaidisha tapeli

Wataalamu wa ofisi hupenda kusema: jibu kila mwaliko. Ushauri huo una mpaka.

Mwishoni mwa Novemba 2016, msimu wa maduka ya Marekani kushusha bei, watumiaji wa iCloud walianza kupokea mialiko ya kalenda iliyokuwa matangazo ya miwani bandia ya Ray-Ban. Mialiko iliingia yenyewe kwenye kalenda na kulia kama kikao. Vitufe vilikuwa vitatu: kubali, labda, kataa. Aliyekerwa akabonyeza kataa, na programu kwa utii wake ikampelekea mtumaji karatasi ya METHOD:REPLY. Tapeli akajua kwamba anwani hiyo ina mtu hai nyuma yake. Apple iliomba radhi, na Desemba ikaanza kuweka njia ya kuripoti mwaliko kuwa taka ili uondoke bila jibu kwenda kwa yeyote.

Google ilikutwa na wimbi kama hilo mwaka 2019. Wakati huo Google Calendar ilikuwa inaingiza mialiko kwenye kalenda ya mtu bila kumngoja aikubali. Mwaka 2022 ikaongeza chaguo la kuingiza yenyewe mialiko ya watu wanaofahamika tu, na mingine ingoje hadi mtu ajibu kwenye barua pepe.

Chaguo hilo limewagawa watu. Wasimamizi wa usalama wanalipenda. Wenye kuitisha vikao hawalipendi hata kidogo, maana mjumbe mpya wa bodi, au mfadhili anayeandikiwa kwa mara ya kwanza, si "anayefahamika", na mwaliko wake unabaki kwenye kikasha bila kuonekana kwenye kalenda. Kila mlango unaofungwa kwa tapeli unamchelewesha na mgeni halali.

Wito na neno

Waswahili husema kataa neno, usikatae wito. Ukiitwa, nenda, utakalolikataa ulikatae ukiwa umefika. Kalenda imepindua utaratibu huo: inataka mtu amalize kukataa akiwa kwake, na inampa maneno matatu tu ya kufanyia kazi hiyo.

Katika mazungumzo ya pale ofisini, mgawanyiko ulikuwa wazi. Kijana wa TEHAMA alisimamia kitufe. Hoja yake ni kwamba ofisi haiwezi kuhesabu vidole gumba vya WhatsApp, ambako "sawa" huenda ni ya saa, ya ukumbi, au ya picha ya mjukuu iliyotumwa dakika moja kabla. Wajumbe wazee walisimamia neno la mtu. Nimesema nitakuja, nitakuja. Tangu lini mtu akaambiwa hajajibu ilhali amejibu mbele ya wenzake wote?

Katikati yao kuna ile Labda. Kwa kanuni inaitwa TENTATIVE, na ilikusudiwa kwa mtu ambaye kweli hajui. Kwetu ina matumizi ya pili ambayo hayamo kwenye kanuni yoyote: ni namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Katibu muhtasi mzoefu anazisoma kwa jina la aliyezitoa. Labda ya mjumbe fulani ni ndiyo. Ya mwingine ni hapana iliyovaa kanzu.

Na kuna vikao visivyo na mwenyewe. Afisa aliyeitisha kikao cha kila Jumatatu akihamishiwa Dodoma au akiacha kazi, kikao kinabaki kwenye kalenda za waalikwa, na hakuna anayeweza kukifuta kwa niaba ya wote kwa sababu jina la mwitishaji ni lake. Microsoft imewapa wasimamizi wa Exchange amri maalumu ya kufuta mikutano ya mtu aliyeondoka. Isipotumika, simu saba zinalia kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya kikao ambacho wote saba wamekikubali na hakuna anayekwenda.

Sahani 14

Alhamisi katibu muhtasi alituma mwaliko mpya kabisa. Kwenye kichwa cha habari aliandika kwa maneno: saa tatu asubuhi. Chini yake kalenda ikaandika 9:00. Anwani ya chuo ya mhadhiri aliiondoa akaweka ya Gmail. Kwa yule wa winmail.dat kijana wa TEHAMA alibadilisha mpangilio wa barua, kisha akampigia simu amwambie si kirusi. Kwenye kundi la WhatsApp hakuandika saa wala ukumbi. Aliandika tu kwamba barua iko kwenye kikasha, na ina kitufe.

Hadi jioni jedwali lilionyesha waliokubali saba. Yule mmoja aliyekataa tangu mwanzo alikataa tena, atakuwa safarini Morogoro. Watatu bado kimya, ingawa wote watatu walishamhakikishia kwa simu.

Mama wa chakula akapiga kwa mara ya nne. Katibu muhtasi hakuitazama kompyuta. Akahesabu wajumbe 11, mkurugenzi, yeye mwenyewe na kijana wa TEHAMA, akaagiza sahani 14.

Ijumaa walifika wote 11. Wa Morogoro aliingia saa nne kasoro, akaeleza kwamba safari imeahirishwa usiku, akakaa. Mpaka kikao kinafungwa jina lake lilikuwa bado limeandikwa amekataa. Pilau ilitosha watu 14 sawasawa, na nje, kwenye kivuli cha mwarobaini, dereva aliyemleta alikuwa bado hajala.